Ufunguo wa Kabati la Vitabu

Kata ya Ruaruke iko wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, upande wa nchi kavu unaopakana na delta ya Rufiji. Katika delta hiyo mto mkubwa kuliko yote Tanzania hugawanyika vijito vingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Mikoko iliyoifunika, zaidi ya hekta 50,000, ndiyo msitu mkubwa wa mikoko katika Afrika Mashariki. Watu wa huku wanalima mpunga, wanavua samaki na kamba, wana mikorosho na minazi. Mpunga ukikaribia kuiva, familia nyingi huhamia mashambani na kuishi kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kuamia ndege na kufukuza ngedere na nguruwe. Watoto hufuatana na wazazi wao, na madawati shuleni hubaki na nafasi.

Mtoto wa delta akishika kitabu cha hadithi, mara nyingi atakuwa amekipata shuleni. Ndiyo maana historia ya maktaba za shule inasomeka vizuri kutokea huku pembezoni, ambako kila kitabu kimesafiri mbali kabla ya kumfikia msomaji. Ni historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Vitabu vimekuja pwani hii kwa mawimbi: kwa mwalimu wa chuo, kwa karani wa Kijerumani, kwa masanduku ya Nairobi, kwa kampeni za Mwalimu Nyerere, kwa makontena ya misaada, na sasa kwa kioo cha simu. Katika kila wimbi, kilichoamua kama watu watasoma au la kilikuwa mtu: aliyekuwa na ufunguo wa kabati, aliyepewa muda wa kulifungua, na aliyewajua wasomaji wake kwa majina.

Kusoma kabla ya maktaba

Kusoma si jambo geni pwani. Kwa karne nyingi watoto walipelekwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, wakajifunza herufi za Kiarabu kwa ubao na wino. Waliofika mbali walizitumia herufi hizo kuandikia Kiswahili: barua za biashara, hati za mashamba, tenzi. Vitabu vilikuwa vichache, vikakaa misikitini na majumbani mwa mashehe. Mwenye kiu ya kusoma alibisha hodi kwa mtu mwenye kitabu, akaketi naye, akasomeshwa.

Utawala wa Wajerumani ulileta herufi za Kilatini na sababu mpya ya kusoma. Shule za serikali, iliyotangulia ikiwa ile ya Tanga katika miaka ya 1890, zilifundisha Kiswahili ili kupata makarani, wakalimani na maakida. Wilaya ya Rufiji, ambayo enzi hizo ilijumuisha Kibiti, ilitawaliwa kutoka Mohoro, na hapo Mohoro, Agosti 1905, ndipo aliponyongwa Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, Vita vya Maji Maji vikiwa vinaanza. Maandishi yalikuwa mikononi mwa serikali: orodha za kodi, amri za kulima pamba, hukumu. Habari za maji ya dawa ya Kinjikitile zilipita kwa kunong'onezana kutoka kijiji hadi kijiji, na baada ya vita nyingi zikabaki vichwani mwa wazee hadi miaka ya 1960, zilipokusanywa na kuandikwa.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Kiswahili kilipata gazeti la serikali, Mambo Leo, lililoanza 1923, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyosimamia usanifishaji wake kwa kufuata lahaja ya Unguja. Shule zilihitaji vitabu vya ziada vya kusoma, na vilivyopatikana kwa wingi vilikuwa tafsiri. Mwaka 1929 zilitoka Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilizipenda hadithi hizo, na hakuna ubaya katika kupenda hadithi nzuri. Lakini mwanafunzi aliyetaka kumsoma mtu wa kwao, anayelima mpunga na kuvuka mto kwa mtumbwi, hakumkuta.

Masanduku kutoka Nairobi

Hatua ya kwanza ya kweli kuelekea maktaba za watu wote ilikuja 1948, ilipoanzishwa East African Literature Bureau, ofisi ya pamoja ya vitabu yenye makao makuu Nairobi, ikiongozwa na Charles Richards. Kazi yake ilikuwa kuchapisha vitabu vya lugha za Afrika Mashariki na pia kuvifikisha kwa wasomaji. Mahali pasipo jengo la maktaba, ofisi hiyo ilituma sanduku la vitabu. Sanduku lilipelekwa shuleni, kwenye ukumbi wa maendeleo au klabu, likakabidhiwa kwa mwalimu au karani aliyekubali kulitunza, na baada ya muda likabadilishwa ili wasomaji wapate vitabu vingine. Wasomaji wa mbali waliweza pia kuazima kwa posta.

Mpango huu ulikuwa na mambo mawili ambayo mipango mingi iliyofuata iliyasahau. Kwanza, ulikubali kwamba vitabu ndivyo vinavyopaswa kumfuata msomaji. Pili, kila sanduku lilikuwa na mwenyewe. Sanduku lililomwangukia mtunzaji mchangamfu lilichakaa haraka kwa kusomwa. Lililokabidhiwa kwa mtu asiyejali lilirudi vitabu vikiwa vipya kama vilivyotoka.

Ofisi hiyohiyo ilielewa kwamba wasomaji huzaa waandishi. Iliendesha mashindano ya uandishi wa Kiswahili, na katika shindano la 1957 na 1958 mshindi alikuwa Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa 1960 na kumleta Bwana Msa, mpelelezi anayefikiri kwa Kiswahili katika mitaa na mashamba ya Unguja. Hapo msomaji wa shule za pwani alianza kukuta kitabuni nchi anayoijua. Ubunifu huo ulilelewa na mfumo mzima: waliozoea kusoma, mahali pa kupeleka mswada, na njia ya kuufikisha kwa wengine.

Jengo la mjini na redio ya kijijini

Mwaka 1960 Sydney Hockey aliandika ripoti juu ya namna ya kujenga huduma za maktaba Afrika Mashariki. Tanganyika huru iliifanyia kazi mapema: sheria ya 1963 iliunda bodi ya huduma za maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kuadhimisha miaka sita ya uhuru, Rais Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Barabara lilipo jengo hilo leo inaitwa Bibi Titi Mohamed, kwa heshima ya mwanamke aliyewaunganisha wanawake katika chama cha TANU na ambaye aliwahi kuwa mbunge wa Rufiji. Maktaba hiyo ilipewa pia jukumu la kuzisaidia shule, na ndani yake ikawekwa maktaba ya mfano ili walimu waone kwa macho namna vitabu vinavyopangwa na kuazimishwa. Mwaka 1975 sheria mpya iliimarisha chombo hicho kuwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Mkoa wa Pwani wenyewe ulipata kituo cha kujivunia. Huko Kibaha, nchi za Nordiki zilishirikiana na Tanganyika katika miaka ya 1960 kujenga kituo cha elimu, afya na kilimo, ambacho leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Maktaba ilikuwa sehemu ya kituo hicho tangu fikra zake za mwanzo. Kibaha na Ruaruke ziko mkoa mmoja, lakini kati yao pana mwendo mrefu, na kwa miongo mingi barabara ya kusini ilikatika kila masika.

Rufiji ilikuwa na mambo yake. Mafuriko makubwa ya 1968 yaliharibu mashamba ya bondeni, na serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, mojawapo ya operesheni za mwanzo kabisa za kuhamishia watu vijijini. Maelfu waliondolewa bondeni na kupelekwa kwenye ardhi ya juu, ambako waliahidiwa shule, zahanati na maji. Kwa upande wa elimu, faida ilionekana: mtoto aliyeishi karibu na shule aliweza kuandikishwa. Kwa upande wa chakula, mashamba yenye rutuba yalibaki kule chini, kwenye udongo wa mto, na watu waliendelea kuyafuata kila msimu. Tangu hapo maisha ya wengi Rufiji yamekuwa na makazi mawili, kijijini na shambani. Shule ilijengwa kwenye moja tu.

Usiku wa kuamkia 1970, Nyerere aliutangaza mwaka huo kuwa wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 watu wazima 67 kati ya 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 walikuwa 39, na kufikia 1986 takwimu za serikali ziliwataja kuwa chini ya 10. Wapangaji waliona hatari mapema: mtu aliyejifunza kusoma ukubwani husahau upesi akikosa cha kusoma. Ndipo zikaanzishwa maktaba za vijiji, mara nyingi chumba kimoja au kabati moja shuleni, na magazeti ya kanda yaliyoandikwa kwa lugha nyepesi, kama Elimu Haina Mwisho la Mwanza.

Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, karibu watu milioni mbili walikusanyika kwenye vikundi nchi nzima. Walisikiliza kipindi cha redio pamoja, kisha mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, kisha wakajadiliana: kwetu mbu wanazaliana wapi, maji tunayachota wapi, tutachimba vyoo lini. Halafu wakaenda kuchimba. Ili hayo yawezekane, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kabla. Redio ilikuwa teknolojia mpya kwa vijiji vingi, na Tanzania ilijua kuitumia kwa busara: haikuiacha iseme peke yake. Iliizungushia kitabu, majirani na mtu aliyefunzwa kuuliza maswali.

Madarasa yakajaa, makabati yakafungwa

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi, na lengo likawekwa 1977. Ulikuwa uamuzi wa haki, na ulibadili maisha ya mamilioni. Lakini watoto waliongezeka kwa kasi ambayo vitabu havikuiweza. Vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda, kupanda kwa bei ya mafuta na kudorora kwa uchumi katika miaka ya 1980 kulifanya hata karatasi iwe adimu. Kitabu kimoja cha kiada kiligawanywa kwa darasa zima, na katika hali hiyo kitabu cha hadithi kilionekana anasa. Maktaba nyingi za vijiji zilikauka, kwa kuwa vitabu vilivyochakaa havikupata vingine vya kushika nafasi yake.

Hapo ndipo kufuli lilipozoeleka. Mwalimu mkuu aliyepokea vitabu vichache alijua kwamba kitakachopotea ataulizwa yeye. Kitabu kilichokaa kabatini hadi kikaliwa na mchwa hakikumletea mtu maswali. Kwa hesabu hiyo kufunga ilikuwa salama kuliko kuazimisha, na vitabu vikatunzwa dhidi ya wale walioletewa.

Jitihada za kurekebisha hali zilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1989 kilianza Bagamoyo, mkoa huuhuu wa Pwani, chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Utaratibu wake ulikuwa na akili: mswada uliofaulu ulichapishwa nakala 5,000, mradi ukanunua 3,000 na kuzigawa bure shuleni, na mchapishaji akauza zilizobaki. Mwandishi alipata msomaji, mchapishaji alipata uhakika wa soko, na mtoto akapata hadithi ya Kiswahili yenye picha za watu wanaofanana na jirani zake. Baada ya miaka michache mradi uligundua kwamba vitabu vilivyofika shuleni vilihitaji walimu waliojua kuvitumia, ukaanza kuwafunza.

Ada ya shule za msingi ilifutwa 2001, na kuanzia 2004 shule za sekondari za kata zikaenea nchini. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba aliingia kidato cha kwanza na kukuta masomo kwa Kiingereza. Mwaka huo wa 2004 vijana wa Uingereza walianzisha READ International, wakakusanya vitabu vilivyotumika katika shule za kwao na kuvisafirisha Tanzania, zaidi ya milioni moja kwa jumla. Baadaye walizidisha juhudi za kukarabati vyumba vya maktaba pamoja na wanafunzi wenyewe na kununua vitabu vinavyofuata mtaala wa hapa. Katika muongo wa 2010 shirika la Room to Read liliweka maktaba katika shule za msingi za mikoa ya Morogoro na Pwani: rafu fupi zinazofikiwa na mtoto, vitabu vilivyopangwa kwa rangi kulingana na ugumu, daftari la kuazima, na kipindi cha maktaba ndani ya ratiba.

Haja ilikuwa kubwa. Ripoti ya 2011 ya utafiti wa elimu uitwao Uwezo ilionyesha kwamba ni watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali ilijibu kwa kuweka mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtaala mpya wa madarasa ya chini ukaanza kutumika 2015. KKK humpa mtoto uwezo wa kusoma. Ili apate mazoea na hamu, lazima awe na vitabu vingi vya kuchagua.

Mtoto anapochagua mwenyewe

Darasani kila mtoto anasoma ukurasa uleule kwa wakati mmoja. Kwenye maktaba anachagua. Mmoja anachukua kitabu chembamba chenye picha za wanyama, mwingine hadithi ya sungura na fisi, mwingine kitabu juu ya mashua. Anayechagua mwenyewe ana haki ya kukirudisha asichokipenda, na haki hiyo ndogo hujenga msomaji. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, aliandika kanuni tano za maktaba mwaka 1931. Ya kwanza inasema vitabu vipo ili vitumike, na nyingine zinataka kila msomaji apate kitabu chake na kila kitabu kipate msomaji wake. Kanuni hizo zinafaa Kibiti sawasawa na zilivyofaa Madras.

Kazi ya mwalimu wa maktaba huanza na daftari la kuazima: jina, kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Akilisoma kwa makini, daftari hilo humwambia nani hajaazima mwezi mzima, kitabu gani kinagombewa, na wavulana wanaachia wapi. Kisha kuna kusoma kwa sauti. Mwalimu anayewasomea watoto sura moja kila wiki na kukomea penye utamu huwafanya wakitafute kitabu wenyewe. Katika nyumba nyingi za delta mtoto anayerudi na kitabu ndiye anayewasomea bibi na wadogo zake, kwa hiyo kitabu kimoja kilichoazimwa husomwa na watu wengi ambao majina yao hayamo daftarini.

Ubunifu huanzia hapohapo, na Rufiji ina mfano ulio wazi. Katika miaka ya 1960 mwanahistoria G. C. K. Gwassa alikwenda kwa wazee wa kusini, akaandika kumbukumbu zao za Maji Maji. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walisambaa katika maeneo ya vita kufanya kazi kama hiyo. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile, ambayo imesomwa katika sekondari za Afrika Mashariki kwa nusu karne. Yaliyokuwa yakinong'onwa kando ya mto huu yakawa kitabu, na kitabu kikarudi kwa wajukuu.

Shule yoyote ya Ruaruke inaweza kuiga njia hiyo kwa kiwango chake. Mwanafunzi anamwendea babu anayejua mafuriko ya 1968, au bibi anayejua majina ya aina za mpunga wa zamani, anaandika anayosimuliwa, anamrudia kuhakikisha, kisha anayanakili vizuri na kuyashona kuwa kijitabu. Kijitabu hicho kinapewa namba na kuwekwa kwenye rafu pamoja na vingine. Mtoto aliyeona maandishi yake yakiazimwa na mwenzake amejua kwamba vitabu huandikwa na watu kama yeye. Mlango wa juu pia uko wazi: Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, inawapa washindi fedha na kuwezesha kazi zao kuchapishwa na kufika shuleni.

Kioo kipya

Tarehe 17 Machi 2020 serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, na shule za msingi zilifunguliwa tena 29 Juni. Masomo yalirushwa kwa redio na televisheni. Taasisi ya Elimu Tanzania sasa ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa kwa walimu wa shule za umma. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, na paneli za jua vimefika vijiji vingi ambavyo vilitegemea vibatari. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa kata ya mbali anaweza kubeba mkononi vitabu vingi kuliko vilivyowahi kuingia kwenye kabati lake.

Tunajua kitu juu ya vifaa hivi, kwa sababu Tanzania ilikuwa mahali pa jaribio kubwa. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule, na tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua hadi nusu, na mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana tuzo. Ni mafanikio ya kuheshimiwa. Ndani yake mlikuwa na watu pia: kila kijiji kilikuwa na kituo cha kuchajia kwa jua na walezi waliokitunza. Na nusu iliyobaki ilikuwa bado ikihitaji mwalimu.

Kishikwambi kina mambo ambayo kitabu cha karatasi hakina. Hadithi iliyochapwa haimuulizi mtoto jina lake, umri wake wala picha yake. Programu nyingi huuliza. Hadithi iliyochapwa imepita mikononi mwa mhariri. Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hauna mwenyewe. Tangu Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na tangu 2015 ina Sheria ya Makosa ya Mtandao. Lakini sheria haimfikii mtoto wa darasa la sita isipokuwa mtu amweleze kwa lugha anayoielewa.

Mahali panapofaa kumwelezea ni maktaba, kwa sababu maswali ya mtandaoni ni yaleyale ambayo msomaji mzuri hujiuliza mbele ya kitabu. Nani kaandika? Lini? Amejuaje? Nani mwingine amesema hivyo? Mwanafunzi anayeandika juu ya mikoko akakuta maelezo mawili yanayopingana, afungue kitabu cha tatu, kisha aende kwa mvuvi anayeingia mikokoni kila siku. Anapotumia maneno ya mwenzake, ataje jina lake, kama anavyoandika jina kwenye daftari la kuazima. Picha ya rafiki yake asiitume bila ridhaa. Namba ya simu ya mama asiijaze popote anapoulizwa. Akitumiwa ujumbe na mtu mzima asiyemjua, amwonyeshe mwalimu. Mafunzo haya hayahitaji kompyuta thelathini; kifaa kimoja, kikundi cha watoto na mtu wa kuuliza maswali vinatosha. Mtu ni Afya ilifanya hivyo kwa redio mwaka 1973, na vijijini bado wapo wanaokumbuka.

Maktaba inayofuata msimu

Aprili 2024 mafuriko yalizikumba tena wilaya za Rufiji na Kibiti. Mashamba na nyumba vilizama, na masomo yakakatika katika baadhi ya shule. Kwa maktaba ya huku, mafuriko ni jambo la kupangia: rafu ya chini kabisa iwe juu ya kimo cha maji kinachokumbukwa, chumba kipate hewa ya kutosha kupambana na unyevu, na vifaa vya umeme vihifadhiwe mahali pakavu.

Msimu wa mpunga upangiwe vilevile. Kenya ilitambua mwaka 1996 kwamba wafugaji wa Garissa na Wajir hawawezi kukaa mahali pamoja wakisubiri maktaba, na huduma yake ya taifa ya maktaba ikawapelekea vitabu kwa ngamia. Sanduku la vitabu la 1948 lilibuniwa kwa fikra hiyohiyo, na delta inalihitaji leo. Mwezi wa kuhamia madungu ukifika, shule inaweza kuwakabidhi watoto wakubwa masanduku madogo yasiyopenya maji, kila moja likiwa na vitabu ishirini hivi na daftari lake. Mtoto anayeamia ndege ana saa nyingi za kukaa juu ya dungu. Akirudi shuleni baada ya mavuno atakuwa amesoma zaidi ya alivyosoma alipoondoka, badala ya kurudi amesahau.

Yote hayo yanawezekana kwa fedha kidogo, isipokuwa jambo moja ambalo lazima lilipiwe kwa haki: muda wa mwalimu. Katika shule nyingi mwalimu wa maktaba ni mwenye vipindi kamili ambaye ameongezewa kabati juu ya kazi zake. Hana saa ya kulifungua, na hajawahi kufundishwa kuliendesha, ingawa chuo cha ukutubi kiko Bagamoyo, mkoa uleule. Mpeni mafunzo ya wiki chache na vipindi vinne kwa wiki vinavyohesabiwa kama kazi. Mwondoeni hofu ya kudaiwa kitabu kilichochakaa kwa kusomwa, kwa kuwa kuchakaa huko ndiko ushahidi kwamba kazi imefanyika. Masanduku ya 1948, vikundi vya 1973, mafunzo ya walimu ya miaka ya 1990 na vituo vya jua vya Tanga vyote vilisimama kwa watu wa namna hiyo, na palipokosekana watu, vitabu vilibaki vimefungiwa. Kila bajeti inayopeleka vitabu au vishikwambi kwenye shule za delta ianze na mstari wa mtu huyo, kisha ndipo iorodheshe vifaa.